Protini zenye nanga ya mkiani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yamekusanywa kwa muda mrefu katika masomo ya baiolojia hapa Lamu, mengi kutoka kwa wanafunzi wa kidato cha nne na wale waliokwisha kujiunga na vyuo vya udaktari na uuguzi, ambao hurudi likizoni na daftari zilizojaa alama za kuuliza. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale ya pembeni. Pale jibu lilipokwisha kutolewa, msomaji anaelekezwa kwenye nambari ya swali badala ya kurudiwa maneno yale yale.

## Mambo ya msingi

1. Protini yenye nanga ya mkiani ni protini ya namna gani?

Ni protini iliyoshikamana na utando wa seli kwa kipande kimoja tu, na kipande hicho kiko mwishoni kabisa mwa mnyororo wake wa asidi amino. Sehemu kubwa ya protini, ile inayofanya kazi, hubaki nje ya utando ikielekea kwenye majimaji ya seli. Kipande cha nanga hupenya utando, na baada yake hubaki asidi amino chache tu, kwa kawaida zisizozidi 30 hivi, ambazo hujitokeza upande wa pili.

Kundi hili lilitambuliwa rasmi kama jamii inayojitegemea mwaka 1993, katika makala ya Ulrike Kutay, Enno Hartmann na Tom Rapoport. Kabla ya hapo protini hizi zilijulikana moja moja, bila mtu kuuliza kwa nini zote zina umbo moja.

2. Protini ina mkia? Na kichwa chake kiko wapi?

Protini hutengenezwa na ribosomu kwa kuunganisha asidi amino moja baada ya nyingine, kuanzia ncha moja hadi nyingine, na mpangilio huo haugeuki kamwe. Ncha inayotangulia kutoka huitwa ncha ya N, na inayomalizia huitwa ncha ya C. Kwa lugha ya mabaharia wetu, ncha ya N ni omo na ncha ya C ni tezi. Jahazi kwa desturi hutupa nanga kutoka omoni. Protini hizi zimeiweka nanga tezini, na karibu kila jambo la ajabu linalosimuliwa katika ukurasa huu limetokana na uamuzi huo mmoja.

3. Nanga hiyo ina urefu gani, na kwa nini inachukia maji?

Ina asidi amino 20 hivi zilizojisokota kama skurubu. Kila asidi amino katika msokoto wa namna hiyo huongeza urefu wa nanomita 0.15, hivyo 20 hufikia nanomita 3, ambao ndio unene wa tabaka la mafuta lililo katikati ya utando. Kuhusu kuchukia maji, asidi amino za nanga, kama vile leusini, valini na isoleusini, zina matawi yasiyo na chaji ya umeme, na hukaa na maji kama samli inavyokaa na maji: hujitenga na kukusanyika pamoja.

4. Ziko ngapi, na zina kazi gani katika mwili?

Kwa binadamu zinakadiriwa kuwa kati ya 300 na 400, na katika hamira ni kama 50 na ushei. Si nyingi, lakini kazi zake ni nzito. Wamo wale wanaounganisha vifuko vya seli na tando zinazolengwa, waitwao SNARE. Wamo walinzi na wauaji wa seli wa jamii ya Bcl-2, ambao huamua seli ife au iishi. Zimo sehemu za milango ya kuingizia protini nyingine. Na vimo vimeng'enya kadhaa vya kutengeneza mafuta.

Mfano ulio karibu nasi ni sinaptobrevini, ambayo pia huitwa VAMP2. Protini hii hukaa kwenye vifuko vya neva vilivyobeba kemikali za kupitishia ujumbe, na bila hiyo kifuko hakiwezi kumwaga shehena yake. Sumu ya pepopunda, ugonjwa ambao kina mama wajawazito wa pwani hii huchanjwa dhidi yake, hufanya kazi ya mkasi: hukata VAMP2 kati ya asidi amino ya 76 na ya 77. Nanga hubaki kwenye kifuko, sehemu ya kazi huelea majini, na neva zilizokusudiwa kuzuia misuli isikaze hushindwa kutoa ujumbe wao. Taya hukaza kwa sababu kipande kimoja cha protini kimetenganishwa na nanga yake.

## Tatizo lenyewe

5. Protini nyingine za utando zina njia yake inayojulikana. Kwa nini hizi zisiitumie?

Hili ndilo swali ambalo mtu akilielewa, mengine yote hufuata yenyewe, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Njia ya kawaida ilielezwa na Günter Blobel pamoja na wenzake kuanzia miaka ya 1970, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1999. Protini nyingi za utando, na zile zinazosafirishwa nje ya seli, hubeba ishara karibu na omo. Ishara ikichomoza tu kutoka kwenye ribosomu, hudakwa na chembe iitwayo SRP, ambayo huikokota ribosomu nzima hadi kwenye retikulamu ya endoplazimu, utando ule mpana unaotumiwa na seli kama bandari ya kupakia. Huko protini huendelea kutengenezwa huku ikipitishwa moja kwa moja kwenye mlango uitwao Sec61. Haipati nafasi ya kugusa maji.

Sasa tuitazame VAMP2 ya binadamu, yenye asidi amino 116. Nanga yake huanza kwenye ya 95 na kuishia kwenye ya 114. Ribosomu ina handaki ambalo mnyororo mpya hupitia ukitoka, na handaki hilo huficha kati ya asidi amino 30 na 40 kwa wakati mmoja. Hesabu ni nyepesi: wakati asidi amino ya 116, ya mwisho kabisa, inaunganishwa, kila kitu kuanzia kwenye ya 80 hivi bado kimo ndani ya handaki, na hiyo ni nanga nzima. Protini imekwisha kutengenezwa, ribosomu inaiachilia, na ni hapo tu nanga inapoona mwanga. SRP, ambayo hufanya kazi yake kwa kuishika ribosomu ikiwa kazini, haina tena cha kukokota.

Kwa hiyo protini hizi ni lazima zipelekwe na kupachikwa baada ya kutengenezwa. Wanafunzi wengine hudhani kwamba seli iliamua kuwa na njia ya pili ili kuwa na akiba. Sivyo, ni urefu wa handaki ndio ulioilazimisha.

6. Nanga ikiachwa majini kwa muda mfupi, kuna ubaya gani?

Mkazi yeyote wa Lamu amewahi kuona saruji ikivushwa kwa boti kutoka Mokowe. Mfuko mmoja ukilowa njiani, haukaushwi ukatumika tena. Huganda, na huganda pamoja na ule ulioegemea. Nanga ikigusana na maji hufanya vivyo hivyo: hutafuta kitu chochote kinachochukia maji na kujibandika nacho, nanga na nanga, nanga na protini isiyohusika, na donge linalotokea huwa gumu kuyeyushwa. Ndiyo maana saruji hupokezwa kutoka mkono hadi mkono, kutoka kwa hamali wa botini hadi kwa hamali wa gatini hadi kwenye mgongo wa punda, bila kuwekwa chini penye maji. Njia inayoelezwa katika swali la 9 ni mnyororo wa mahamali wa namna hiyo.

7. Mafuta huvutana na mafuta. Je, nanga haiwezi kujichomeka yenyewe kwenye utando?

Nyingine zinaweza. Saitokromu b5 imeonyeshwa mara nyingi ikijichomeka yenyewe kwenye liposomu, yaani viputo vya mafuta vilivyotengenezwa maabara bila protini yoyote ndani yake. Nanga yake haichukii maji kupita kiasi, hivyo huweza kuvumilia safari fupi.

Lakini katika seli hai kujichomeka kuna kasoro mbili. Kwanza, nanga inayochukia maji sana huganda kabla ya kufika. Pili, mafuta hayabagui: nanga isiyo na msindikizaji ingejichomeka kwenye utando wowote uliotangulia kukutana nao, na mlinzi wa kifo cha seli akijikuta kwenye utando usio wake, hiyo si hasara ndogo.

## Njia ya GET

8. GET ni nini, na iligunduliwaje?

Ni jina la kundi la protini zinazoongoza njia kuu ya kupachika nanga za mkiani kwenye retikulamu ya endoplazimu. Jina lenyewe linapotosha kidogo. Jeni hizi ziliitwa GET mwaka 2005, Maya Schuldiner na wenzake walipokuwa wakichunguza jinsi jeni za hamira zinavyoathiriana, na wakati huo zilionekana kuhusika na safari ya protini kati ya Golgi, kituo cha seli cha kupanga na kusafirisha protini, na retikulamu; herufi hizo ni kifupi cha jina la safari hiyo kwa Kiingereza. Mwaka 2007 Sandra Stefanovic na Ramanujan Hegde, wakifanya kazi na seli za mamalia, walimtambua hamali mkuu na kumwita TRC40. Mwaka uliofuata ilidhihirika kwamba TRC40 na Get3 ya hamira ni kitu kimoja katika viumbe viwili, na kwamba Get1 na Get2 ndizo kituo chake kwenye utando. Jina la zamani lilibaki.

9. Njia hii hufanya kazi vipi, hatua kwa hatua?

Tufuate nanga moja katika hamira. Mara inapotoka kwenye handaki la ribosomu hupokewa na Sgt2, hamali wa kwanza, ambaye huifunika ili isiguse maji. Sgt2 hasafiri nayo hadi utandoni. Kazi yake ni kuipokea na kuikabidhi.

Makabidhiano hufanyika kwenye gati dogo linaloundwa na Get4 na Get5. Get5 humshika Sgt2 kwa upande mmoja, na Get4 humshika Get3 kwa upande mwingine, hivyo mtoaji na mpokeaji huwekwa bega kwa bega. Get3 huja hapo ikiwa tayari imebeba ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na imejifunga katika umbo linalofaa kupokea. Nanga huhama kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine bila kuachiliwa majini hata mara moja. Mara Get3 inapoipata nanga, hulegeza mshiko wake na Get4 na kuondoka. Hapa pana ustadi unaostahili kuangaliwa: Get3 tupu hushikiliwa gatini, na Get3 iliyopakiwa huruhusiwa kwenda. Mzigo wenyewe ndio hati ya kuondokea.

Kwenye utando, Get2 ina mkono mrefu unaonyumbulika, unaonyooshwa kwenye majimaji ya seli kama kamba ya kuvutia mashua, nao humdaka Get3 anapokaribia. Kisha Get1 huingiza kabari yake kati ya nusu mbili za Get3 (umbo lake limo katika swali la 10) na kuzipanua. Mfuo uliokuwa umeishika nanga huvunjika, na nanga hupitishwa kwenye sehemu za Get1 na Get2 zilizo ndani ya utando, ambazo humsaidia msafiri kuingia katika mafuta. Sehemu ya kazi haivuki; ni nanga na kile kimkia kifupi tu vinavyopenya.

Get3 hubaki wazi, imeshikamana na Get1, hadi ATP mpya iingie na kuifunga tena. Ikijifunga humtoka Get1 na kurudi gatini kwa safari nyingine.

10. Get3 hushikaje nanga za kila aina ilhali kila moja ina mfuatano wake?

Get3 ni protini mbili zinazofanana, zilizounganishwa kwa atomu ya zinki inayoshikwa na sisteini za pande zote mbili. Nusu hizo zinapokaribiana baada ya kufunga ATP, huunda kwa pamoja mfuo mmoja mrefu unaochukia maji, na nanga hulala ndani yake. Kuta za mfuo huo hazisomi mfuatano. Hupima mambo mawili tu: je, kuna msokoto wa urefu unaotosha, na je, unachukia maji kiasi cha kutosha? Maumbo ya Get3 yalichorwa kwa mionzi ya eksirei na makundi kadhaa ya watafiti mwaka 2009, na mwaka 2015 ndipo ilipoonekana ikiwa na nanga ndani ya mfuo.

Swali dogo linaloambatana na hili huhusu jina lingine la protini hii kwa binadamu, ASNA1, ambalo linatokana na aseniki. Bakteria wengine wana ndugu yake aitwaye ArsA, anayesaidia kuisukuma sumu ya aseniki nje ya seli. Undugu huo wa umbo ni wa kweli, lakini kazi ya Get3 katika seli zetu ni hii tunayoieleza.

11. Kwa hiyo ATP ndiyo inayoisukuma nanga kuingia kwenye utando?

Hapana, na kosa hili limo hata katika vijitabu vya marudio. ATP haisukumi kitu. Kufungwa na kuvunjwa kwake hubadilisha umbo la Get3, hivyo hupanga nani amshike nani na kwa wakati gani. Nanga huingia kwenye mafuta kwa sababu huko ndiko inakotulia. ATP huhakikisha tu kwamba inaachiliwa mahali panapofaa na kwamba hamali anarudi akiwa tayari.

12. Mambo ni hayo hayo kwa binadamu?

Kwa mpangilio wa jumla ndiyo. Sgt2 kwetu ni SGTA, Get3 ni TRC40, Get1 ni WRB na Get2 ni CAML. Tofauti kubwa iko gatini, ambako ameongezeka mtu wa tatu, BAG6, anayeunganisha protini zinazolingana na Get4 na Get5. BAG6 ana kazi nyingine tena, inayoelezwa katika swali la 17.

## Njia nyingine na viungo vingine

13. Nimesoma kwamba hamira iliyoondolewa GET huendelea kuishi. Je, njia hii si ya lazima?

Hamira huishi, ingawa kwa shida. Panya aliyekosa TRC40 hufa akiwa bado kiinitete. Uhai wa hamira ulikuwa dokezo kwamba kuna njia nyingine, na dokezo hilo lilithibitishwa kwa sehemu kubwa mwaka 2018, Alina Guna na wenzake walipoonyesha kwamba kundi la protini liitwalo EMC ni mashine ya kupachika nanga. EMC ilikuwa inajulikana tangu 2009, lakini kazi yake ilikuwa fumbo.

Mgawanyo wa kazi unafuata kiwango cha kuchukia maji. Nanga zinazochukia maji sana, kama ile ya Sec61β, sehemu moja ya mlango wa Sec61, hupitia GET. Nanga za wastani, kama ya kimeng'enya kinachotengeneza skwaleni katika safari ya kutengeneza kolesteroli, hazishikwi vizuri na TRC40; husindikizwa na protini nyingine, ikiwemo kalmodulini, inayozishika na kuziachilia upesi, hadi zinapofika kwenye EMC. Sehemu ya EMC inayofanya upachikaji, EMC3, ina undugu wa mbali na Get1, na zote mbili zina undugu na mashine za kupachika za bakteria. Kwa maoni yangu huu ndio ugunduzi uliorahisisha somo hili kuliko wowote wa miaka ya karibuni: milango iliyodhaniwa kuwa tofauti kabisa ni ya ukoo mmoja.

14. Na SND?

Ni njia ya tatu, iliyoelezwa katika hamira mwaka 2016. Huhudumia zaidi protini zenye vipande vya utando vilivyo katikati ya mnyororo, lakini huweza kuzisaidia nanga za mkiani GET inapokosekana.

15. Seli hujuaje kwamba nanga hii ni ya mitokondria na ile ni ya retikulamu?

Hakuna anwani iliyoandikwa wazi wazi. Kuna mwelekeo wa tabia mbili zinazosomwa kwa pamoja: ukali wa kuchukia maji, na chaji za umeme zilizo pembeni mwa nanga. Nanga ndefu, zinazochukia maji sana, zenye mkia usio na chaji nyingi, huelekea retikulamu. Nanga fupi zaidi, za wastani, zilizozungukwa na asidi amino zenye chaji chanya, huelekea utando wa nje wa mitokondria.

Saitokromu b5 inaonyesha jambo hili vizuri kwa sababu ina ndugu wawili, mmoja wa retikulamu na mwingine wa mitokondria, na ukibadilisha chaji za mkia unaweza kubadilisha makazi. Kwa upande wa mlango, mwaka 2022 ilionyeshwa kwamba katika seli za binadamu protini iitwayo MTCH2 hupachika nanga nyingi za mitokondria.

Ikumbukwe kwamba protini inayoishia kwenye utando wa nje wa seli, au kwenye vifuko vya neva kama VAMP2, haipachikwi huko moja kwa moja. Hupachikwa kwenye retikulamu kwanza, kisha husafiri kwa vifuko kupitia Golgi, kama abiria wa Kiunga anayelazimika kwanza kufika gatini.

16. Peroksisomu na kloroplasti nazo?

Peroksisomu, vifuko vidogo vya seli vinavyovunja mafuta, hutumia Pex19 kama hamali na Pex3 kama kituo. Nanga zake huwa na chaji chanya nyingi zaidi mkiani. Mimea ina mzigo wa ziada, kwa kuwa utando wa nje wa kloroplasti nao una protini zake zenye nanga, na bado mimea ina GET yake. Mmea wa Arabidopsis ukikosa GET huota vinyweleo vya mizizi vilivyo vifupi.

## Makosa na maradhi

17. Nanga ikikosa mpokeaji kabisa, au ikifika utando usio wake, nini hutokea?

Ni makosa mawili tofauti, na kila moja lina wasafishaji wake.

Nanga iliyokwama majini hubaki mikononi mwa BAG6. Huyu ana uso mara mbili: kwa upande mmoja husaidia kumkabidhi TRC40 nanga iliyo sawa, na kwa upande mwingine humwita RNF126, ambaye hubandika alama za ubikwitini kwenye protini iliyokawia. Protini iliyobandikwa alama hupelekwa kwenye proteasomu kukatwakatwa. Upokezano na TRC40 ni wa haraka kuliko ubandikaji wa alama, hivyo ni kasi inayoamua nani aishi.

Nanga ya retikulamu iliyoingia kimakosa kwenye mitokondria hung'olewa na Msp1, ambayo kwa binadamu huitwa ATAD1. Kazi hii ilielezwa mwaka 2014. Msp1 ni pete ya protini sita inayotumia ATP, na hapa, tofauti na tulivyosema katika swali la 11, nguvu hutumika kweli kuvuta. Kosa la kinyume, nanga ya mitokondria iliyotua kwenye retikulamu, hushughulikiwa na ATP13A1, kama ilivyoonyeshwa mwaka 2020. Kwa muhtasari wa swali hili, seli haitegemei usahihi wa mara ya kwanza. Hutegemea pia kuwa na watu wa kung'oa.

18. Kuna magonjwa yanayohusiana na haya yote?

Yapo, ingawa si ya kawaida. Emerini, protini yenye nanga ya mkiani inayokaa kwenye utando wa kiini cha seli, ikiharibika husababisha aina ya kudhoofika kwa misuli ijulikanayo kwa majina ya Emery na Dreifuss, ambayo hugusa pia moyo. Otoferlini, inayohitajika katika seli za kusikia za sikio la ndani, nayo ina nanga mkiani; jeni yake ikiharibika mtoto huzaliwa kiziwi, na samaki wa maabara aliyepoteza WRB naye hupata shida ya kusikia. Zimeripotiwa pia familia chache ambazo watoto wao wana kasoro katika jeni za njia yenyewe ya GET.

Mzazi asisome aya hii akaanza kumshuku mtoto wake. Ni maradhi ya nadra, na mtoto asiyesikia apelekwe kupimwa masikio kabla ya kuanza kufikiria jeni.

19. Bakteria na vimelea vya malaria vinafanyaje?

Bakteria wana protini chache za namna hii na hawana GET. Hutegemea mashine nyingine, kama YidC, ya ule ukoo uliotajwa katika swali la 13. Kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, si bakteria. Ni kiumbe chenye kiini kama sisi, na kina protini ya jamii ya Get3.

## Maabara, na mambo ya pembeni

20. Vitu hivi havionekani kwa darubini ya shule. Mtu hujuaje kwamba nanga imeingia?

Njia iliyotumika zaidi ni ya werevu na haihitaji kuona chochote. Protini hutengenezwa ndani ya kijibomba, kwa kutumia majimaji ya chembe changa za damu ya sungura, ambayo yana ribosomu na mahamali wote. Kisha huongezwa viputo vya retikulamu vilivyotolewa kwenye kongosho la mbwa. Ujanja uko mkiani: baada ya nanga huunganishwa kipande kifupi cha opsini, protini ya jicho la ng'ombe, chenye mahali pa kubandikwa sukari. Vimeng'enya vya kubandika sukari vimo ndani ya viputo tu. Mkia ukivuka, hubandikwa, usipovuka, haubandikwi.

Mwishoni protini hupitishwa kwenye jeli kwa umeme. Iliyobaki nje huonekana kama mstari mmoja. Iliyoingia huonekana kama mstari mwingine juu yake kidogo, kwa sababu sukari imeongeza uzito wa takribani kilodaltoni 3. Mstari ule wa juu, usio mpana kuliko ukucha, ndio ushahidi, na hoja nyingi za ukurasa huu zimeusimamia. Anayetaka uhakika zaidi huongeza proteinezi ya kukata kila kilicho nje ya kiputo: sehemu ya kazi huliwa yote, na kipande kidogo cha nanga chenye sukari husalia salama.

21. Je, kuna protini yenye nanga mkiani ambayo haijatia nanga?

Ipo, na ni Bax, ya jamii ya Bcl-2. Katika seli yenye afya Bax huelea majini huku nanga yake ikiwa imekunjwa na kufichwa ndani ya mfuo wa mwili wake yenyewe. Amri ya kifo ikitolewa, nanga hufunuliwa na kuingia kwenye utando wa mitokondria. Bax ni hamali wa nafsi yake, na haiingii vizuri katika maelezo ya swali la 1. Ndiyo maana tumeiacha hadi hapa.

22. Mkia baada ya nanga ukirefushwa mno, protini bado inahesabika katika kundi hili?

Ukirefushwa kupita urefu wa handaki la ribosomu, nanga huchomoza wakati ribosomu bado iko kazini, na SRP hupata nafasi ya kuidaka kama inavyodaka kipande kingine chochote cha utando. Mpaka wa kundi haukuwekwa na wanasayansi kwa kupenda kwao. Uko pale handaki linapoishia, na protini iliyo juu kidogo ya mpaka huo huweza kupita njia zote mbili.